Simu janja ya zamani: uitengeneze, uirithishe, umwachie fundi au uipeleke kwa warejelezaji?

Nyumba nyingi za mjini siku hizi zina simu mbili tatu zisizotumika. Moja kioo kimepasuka, nyingine betri haikai na chaji, ya tatu ilikuwa nzima tu ila mwenyewe akapata mpya. Hazitupwi kwa sababu zilinunuliwa kwa hela nzito, na wengi tumeshasikia kwamba ndani yake mna sumu. Hazipelekwi popote kwa sababu hatujui pa kuzipeleka. Halafu linakuja tangazo linalotuhimiza turejeleze simu, yaani zibomolewe ili vilivyomo vitumike tena, tuokoe mazingira, na mtu anabaki na swali la haki kabisa: nikiitoa hii, itapita mikononi mwa nani?

Swali hilo ndilo ninaloliweka mbele hapa, kwa sababu kurejeleza kunaweza kuokoa na kunaweza kuua. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, wanalijua hilo kwa uchungu. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi, metali yenye sumu, kilianza kazi kando ya nyumba zao. Moshi na maji machafu yakawaingia majumbani, watoto wakakutwa na risasi kwenye damu, na watu wakazikwa. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mtoto wake aliugua, aliongoza madai yao na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Amri hiyo ilitenguliwa katika rufaa mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Zile zilikuwa betri za magari, si simu. Lakini kile nacho kilikuwa kiwanda cha kurejeleza taka.

Kwa hiyo sitauliza tu kama simu yako itarejelezwa. Nitauliza pia itafanyiwa hivyo na nani, kwa vifaa gani, na kama muda wake wa kurejelezwa umefika kweli.

Vigezo

Anza na simu yenyewe. Je, inawaka? Betri imevimba? Bado inapokea masasisho ya usalama? Majibu ya maswali hayo yatakuondolea baadhi ya njia kabla hujaumiza kichwa.

Njia zenyewe nne nimezipima kwa mambo yaleyale manne. La kwanza ni mazingira: kipi kinaokolewa, na kipi kinaingia kwenye hewa, maji na udongo. La pili ni watu, yaani nani anapata riziki na nani anavuta moshi. La tatu ni taarifa zako, kwa maana ya picha, meseji na akaunti za benki. La nne ni mfuko na usumbufu, kwa sababu njia nzuri isiyowezekana haimsaidii mtu.

Njia ya kwanza: kuitengeneza na kuendelea nayo

*Mazingira.* Hapa ndipo faida ilipo kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Watengenezaji wenyewe katika taarifa zao hutaja kuwa kama asilimia 80 ya hewa ukaa inayosababishwa na simu janja hutokana na kuitengeneza, yaani kabla hujaichaji hata mara moja. Umeme unaotumia nyumbani kuichaji ni kitu kidogo sana ukilinganisha na uchimbaji, uyeyushaji na viwanda vya chipu. Ndiyo maana mwaka 2019 shirikisho la mashirika ya mazingira ya Ulaya, EEB, lilipiga hesabu kwamba kurefusha maisha ya simu janja zote za Umoja wa Ulaya kwa mwaka mmoja tu kungepunguza tani milioni 2.1 za hewa ukaa kwa mwaka ifikapo 2030, sawa na kuondoa magari milioni moja barabarani. Betri mpya au kioo kipya vinaweza kukupa mwaka huo, pengine hata miwili.

Kikwazo kikubwa ni programu. Simu isiyopata masasisho hubaki na matundu ya usalama, na programu za benki huanza kuikataa. Kikwazo cha pili ni spea zenyewe. Betri ya bandia huvimba ndani ya muda mfupi, na hapo unakuwa umeongeza taka badala ya kupunguza. Huko Ulaya, tangu 20 Juni 2025, sheria inawataka watengenezaji wawe na spea za simu mpya kwa miaka 7 na watoe masasisho kwa angalau miaka 5. Faida yake itatufikia nasi kidogo kidogo kupitia simu za mtumba.

*Watu.* Hela unayomlipa fundi inabaki mtaani kwako. Upande wa pili wa mnyororo kuna Kongo, ambako zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia, metali ya betri, huchimbwa, hasa mkoani Lualaba, na ambako koltani ya Rubaya, Kivu Kaskazini, madini yanayotoa metali ya tantali ya vifaa vya simu, inachimbwa katika eneo lililoingia mikononi mwa waasi wa M23 mwaka 2024. UNICEF ilikadiria mwaka 2014 kwamba watoto wapatao 40,000 walikuwa wakifanya kazi kwenye machimbo ya kusini mwa Kongo. Sitakuahidi kwamba simu yako moja isiyonunuliwa itamtoa mtoto mmoja shimoni. Familia nyingi za kule zinaishi kwa machimbo hayohayo, na anayetakiwa kuwalinda ni mwenye mgodi, mnunuzi na serikali. Lakini haraka tunayobadilisha nayo simu ni sehemu ya msukumo unaowafikia.

*Taarifa zako.* Kubadilisha betri au kioo hakuhitaji fundi ajue namba yako ya siri. Akiiomba ili ajaribu simu, ifungue mwenyewe mbele yake, ajaribu, uifunge. Kaa usubiri, kazi yenyewe kwa kawaida si ya siku nzima.

*Mfuko.* Mimi hutumia kipimo hiki: matengenezo yakivuka nusu ya bei ya simu ya mtumba ya aina ileile, nasita. Yakiwa chini ya hapo, natengeneza.

*Inamfaa nani.* Mwenye simu ambayo ugonjwa wake ni mmoja na unajulikana, na ambayo bado inapata masasisho au inatumika kwa mambo yasiyogusa benki.

Njia ya pili: kuirithisha au kuiuza ikiwa hai

*Mazingira.* Simu iliyouzwa au kupewa mtu huokoa mazingira iwapo tu imezuia simu mpya kununuliwa. Mpwa wako anayeanza chuo akiipata yako na asinunue nyingine, hesabu ni nzuri kama ya njia ya kwanza. Ila kuna upande ambao hatuuzungumzi vya kutosha. Simu iliyobakiza miezi mitatu ya kuishi, ukimpelekea bibi kijijini, itafia kwake, na kule hakuna fundi wa uhakika wala kituo cha kukusanya. Itaishia shimo la taka nyuma ya nyumba, au itachomwa pamoja na majani. Tunawalaumu, na kwa haki, wanaojaza makontena vifaa vilivyokufa wakayaita msaada na kuyashusha bandarini kwetu. Basi na sisi tusimfanyie hivyo mtu wa kijijini kwetu.

Kipimo changu ni rahisi: kama mimi mwenyewe nisingeweza kuitumia simu hii mwaka mzima, simpi mtu mpaka niitengeneze kwanza.

*Watu.* Simu janja ya mkono wa pili ndiyo iliyowaingiza watu wengi kwenye intaneti. Muuza mboga anapokea oda kwa WhatsApp, mwanafunzi anapata mitihani ya nyuma, mama anaongea na mwanawe aliye Oman kwa video. Faida hii haimo kwenye hesabu yoyote ya hewa ukaa, na kwangu ina uzito.

*Taarifa zako.* Fuata mpangilio huu, kwa sababu ukiuruka unampa mwenzio tofali. Nakili picha na namba zako. Ondoa akaunti ya Google au ya Apple ukiwa ndani ya mipangilio. Baada ya hapo ndipo uirudishe simu kwenye hali ya kiwandani. Ukiifuta kabla ya kuondoa akaunti, simu inaweza kumdai mmiliki mpya nywila yako wewe, naye atakuwa ameshafika Singida. Toa laini na kadi ya kumbukumbu. Kwenye simu za Android za miaka ya karibuni taarifa huhifadhiwa kwa msimbo, na kuifuta simu hufuta ufunguo wake, kwa hiyo kinachobaki hakisomeki kirahisi. Kwenye simu za zamani sana hakuna uhakika huo.

*Mfuko.* Unaweza kupata hela, na ukiwa na boksi na risiti utapata zaidi, maana mnunuzi mwangalifu anaogopa simu ya wizi. Bonyeza *#06# uinakili namba ya IMEI, andikishianeni hata kwenye karatasi ya daftari, kila mmoja abaki na nakala. Simu ikija kutumika kwenye uhalifu, karatasi hiyo ndiyo itakayokusemea. Simu ya mkopo ambayo deni halijaisha usiiuze, itajifunga mikononi mwa mwenzio.

*Inamfaa nani.* Mwenye simu nzima ambayo haihitaji tena, na anayemjua mtu atakayeitumia kweli.

Njia ya tatu: kumwachia fundi kwa ajili ya spea

*Mazingira.* Pita mtaa wa Aggrey, Kariakoo, au Luthuli Avenue, Nairobi, uone simu zilizokufa zinavyofufua nyingine. Simu ikifa maza, yaani bodi kuu, kioo chake bado kizima. Kamera, spika, sehemu ya kuchajia, kitetemeshi, hata chipu moja moja za kwenye bodi, vyote vinaingia kwenye simu ya mtu mwingine. Kwa mtazamo wa mazingira hii ni kazi ya thamani sana. Kamera inayotumika tena kama kamera imehifadhi kazi yote ya kiwanda. Ikiyeyushwa, kinachobaki ni chembe za metali.

Tatizo linaanza fundi anapomaliza. Bodi iliyonyofolewa chipu, betri iliyochoka, plastiki, nyaya za chaja: hivi huenda kwenye kiroba, kutoka hapo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na visivyonunulika huenda dampo. Mnunuzi anataka shaba. Njia ya haraka ya kuipata shaba ya waya ni kuuchoma. Plastiki ya nyaya nyingi ina klorini, na ikiungua kwenye moto wa wazi hutoa dioksini, sumu inayokaa kwenye mafuta ya mwili wa mnyama na binadamu kwa miaka. Agbogbloshie, eneo la vyuma chakavu jijini Accra, moto wa namna hiyo uliwaka muda mrefu. Mwaka 2019 mashirika ya IPEN na Basel Action Network yalipima mayai ya kuku wa kienyeji waliokuwa wakidonoa eneo hilo. Mtu mzima akila yai moja angepita mara 220 kikomo cha siku cha dioksini zenye klorini kilichowekwa na mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya. Julai 2021 serikali ya Ghana ililibomoa eneo hilo, na wachomaji wakahamia kando kando. Riziki yao ilikuwa palepale na hakuna aliyekuwa amewaandalia nyingine.

Niseme pia kilicho cha haki kwa simu za leo: zina risasi kidogo kuliko vifaa vya zamani, kwa sababu Umoja wa Ulaya ulianza kuizuia kwenye vifaa vya kielektroniki Julai 2006 na watengenezaji wakalazimika kubadilisha lehemu. Televisheni za zamani zenye mgongo ni hatari zaidi kwa upande huo. Lakini betri za lithiamu zikiungua hutoa gesi ya floridi ya hidrojeni, ambayo hujeruhi mapafu, na bodi zikiungua hutoa sumu za kemikali zilizowekwa humo ili kuzuia moto.

Kuna pia wanaojaribu kuipata dhahabu kwa tindikali au sianidi uani. Simu milioni moja, kwa takwimu za shirika la mazingira la Marekani, EPA, zina kama kilo 34 za dhahabu. Ukigawanya, unahitaji kama simu 30 kupata gramu moja. Na utafiti wa Bangalore, India, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba njia hizo za uani ziliokoa kama robo tu ya dhahabu iliyokuwemo. Robo tatu ilipotea, na tindikali ikamwagwa mtaroni.

*Watu.* Fundi anapata mtaji wa spea, na mteja wake anapata matengenezo ya bei nafuu. Huo ni uchumi wa kweli na nauheshimu. Wanaobeba mzigo ni wale wa mwisho wa mnyororo. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilieleza mwaka 2021 kwamba hadi wanawake milioni 12.9 wanafanya kazi katika sekta isiyo rasmi ya taka duniani, na kwamba watoto na vijana zaidi ya milioni 18 wako kwenye viwanda visivyo rasmi, ambamo uchakataji wa taka ni sehemu yake. Mtoto huvuta hewa nyingi zaidi kwa uzito wake, hupeleka mikono mdomoni, na ubongo wake bado unakua. WHO inasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Dandora, Nairobi, ambako taka za kila aina zimechanganyika, uchunguzi uliofanywa kwa UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, mwaka 2007 uliwapima watoto 328, na nusu yao walikuwa na risasi kwenye damu kupita kiwango kilichokuwa kimekubalika kimataifa. Watoto hao ndio ninaowafikiria kila ninaposikia mtu akisema simu zilizokufa hazina madhara.

*Taarifa zako.* Simu iliyokufa kioo haijafa kumbukumbu. Kama haikuwa imefungwa kwa namba ya siri, mtu anayeweka kioo kipya anaingia moja kwa moja kwenye picha zako. Toa kadi na laini, ondoa simu kwenye akaunti yako kupitia kompyuta au simu nyingine, na badili nywila za barua pepe. Ikiwa ina siri nzito, mwombe fundi abakie na kioo na kamera, maza uondoke nayo.

*Mfuko.* Hii ndiyo rahisi kuliko zote. Fundi yuko kona ya mtaa, na mara nyingi atakukatia kidogo kwenye matengenezo mengine.

*Inamfaa nani.* Mwenye simu iliyokufa kwa ugonjwa mmoja huku viungo vingine vizima, na mwenye fundi anayejibu bila kukwepa akiulizwa: mabaki unampa nani? Akikuambia anakusanya bodi kwa ajili ya kampuni yenye kibali, umempata mtu. Akikuambia anazitupa, mwachie viungo na uondoke na betri pamoja na bodi uzipeleke mwenyewe.

Njia ya nne: kuipeleka kwenye kituo chenye leseni

*Mazingira.* Kituo cha kweli hupima uzito, huandika kilichopokelewa, hutoa betri kwanza na kuzihifadhi mbali na joto, huharibu kumbukumbu, kisha hubomoa simu kwa mkono au mashine. Chuma, alumini na baadhi ya plastiki hupata soko karibu. Bodi husafirishwa kwenda kwenye matanuru machache duniani yenye uwezo wa kuzichakata, kama la Hoboken karibu na Antwerp, Ubelgiji, au Rönnskär, Sweden. Huko dhahabu inayopatikana huzidi asilimia 95, pamoja na shaba, fedha na paladi, na moshi huchujwa. Zikikusanywa nyingi, matokeo yanaonekana: medali kama 5,000 za Olimpiki ya Tokyo zilitengenezwa kutokana na vifaa vilivyotolewa na Wajapani kati ya 2017 na 2019, zikiwemo simu milioni 6.21.

Hata hivyo njia hii ina mipaka ambayo matangazo huiruka. Tantali inayotokana na koltani huishia kwenye takataka za tanuru, haipatikani tena. Ripoti ya UNEP ya mwaka 2011 ilichunguza metali 60 na kukuta 34 kati yake zikirejelezwa kwa chini ya asilimia 1. Kwa hiyo kurejeleza simu kunapunguza uchimbaji wa dhahabu na shaba, lakini hakujafunga machimbo ya Rubaya. Wala matanuru bora hayana usafi wa malaika. Hoboken kwenyewe, mwaka 2020, vipimo vya damu vya watoto wa mtaa wa jirani wa Moretusburg vilionyesha risasi imepanda, na kampuni ikajitolea kununua nyumba zilizo karibu na kiwanda. Tofauti na Dandora ni kwamba kule watoto hupimwa mara kwa mara, na kuna anayewajibika matokeo yakiwa mabaya. Tofauti hiyo ni kubwa.

*Watu.* Kituo huajiri watu wenye glovu, miwani na mikataba. Ajira hizo ni chache zikilinganishwa na umati ulioko nje, na kituo kinachonunua mabaki kutoka kwa waokota taka na mafundi hufanya mema kuliko kinachowazuia mlangoni. Ripoti ya dunia ya taka za kielektroniki iliyotolewa na ITU na UNITAR, mashirika ya Umoja wa Mataifa, mwaka 2024 ilisema tani milioni 62 zilizalishwa mwaka 2022, na asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa rasmi. Kwa Afrika kiwango kilikuwa chini ya asilimia 1. Karibu kila simu ya kwetu, basi, inapita kwenye njia ya tatu hata mwenyewe asipokusudia.

*Taarifa zako.* Hii ndiyo njia yenye uhakika zaidi, mradi uombe hati ya kuharibu kumbukumbu. Mtu binafsi hupata shida kuipata, ofisi huipata kirahisi. Futa simu mwenyewe kabla ya kuitoa, vyovyote itakavyokuwa.

*Mfuko.* Hapa ndipo wengi hukwama. Nauli ni yako, malipo kwa simu moja ni kidogo au hakuna, na vituo viko miji mikubwa. Nairobi kuna WEEE Centre. Rwanda kuna kiwanda cha Enviroserve huko Bugesera. Tanzania ina kanuni za taka za kielektroniki za mwaka 2021, na NEMC ndilo baraza la usimamizi wa mazingira, kwa hiyo waulize wao nani ana kibali hai mkoani kwako. Kenya waulize NEMA, mamlaka ya mazingira ya huko. Baadhi ya maduka ya kampuni za simu huweka masanduku ya kukusanyia, nayo yanafaa kama muuzaji anaweza kukutajia mzigo unakwenda wapi. Asipojua, endelea kuuliza. Jambo jingine: tangu 1 Januari 2025, chini ya Mkataba wa Basel, ambao ni mkataba wa kimataifa wa usafirishaji wa taka hatari, taka zote za kielektroniki zinazovuka mipaka zinahitaji ridhaa ya nchi inayopokea na zinazopitiwa. Ni kinga nzuri kwetu sisi tunaoletewa taka, ila makaratasi ya kusafirisha bodi kwenda kwenye matanuru nayo yameongezeka, na kituo kinaweza kukaa na mzigo kwa muda mrefu.

*Inamfaa nani.* Mwenye simu isiyo na kiungo cha kuokoa, mwenye betri mbovu, na yeyote mwenye simu nyingi kwa pamoja.

Droo, jalala na moto

Droo si dhambi. Simu yenye betri nzima inaweza kukaa humo mwaka bila kumdhuru mtu, ila kila mwezi thamani yake inashuka, na siku utakayoitoa haitamfaa tena mpwa wala fundi. Jalala na moto sikuvilinganisha, kwa sababu sioni hali yoyote ambayo vingekuwa chaguo. Betri ya simu ikibanwa ndani ya gari la taka inaweza kuwasha mzigo mzima, na walio hatarini kwanza ni vijana waliokaa juu yake.

Kwa hali yako

*Betri haikai, mengine yote mazima.* Tengeneza. Lipa zaidi kidogo upate betri ya kuaminika, na mwombe fundi akurudishie ya zamani ili uipeleke kituoni.

*Umenunua mpya, ya zamani inafanya kazi vizuri.* Itoe mwezi huuhuu, usiiweke akiba. Uza au mpe mtu utakayemwona akiitumia, pamoja na chaja yake.

*Inawaka lakini haipati masasisho.* Usimuuzie mtu wa biashara atakayeweka hela humo. Inaweza kuwa redio ya jikoni, kamera ya watoto au kitabu cha sauti cha mzee, bila laini ya pesa na bila programu za benki. Ikichoka, nenda kwa fundi wa spea.

*Imekufa kabisa, imeingia maji au kuanguka ghorofani.* Mpelekee fundi achague anachotaka, kisha bodi na betri uzipeleke kituoni kwa safari yako nyingine ya mjini.

*Betri imevimba.* Hapa usisubiri na usijaribu kuuza. Acha kuichaji, usiitoboe, usiikunje. Iweke kwenye chombo cha chuma au chungu chenye mchanga mkavu, mbali na godoro, mapazia na watoto, na upige simu kituoni au kwa fundi mwenye uzoefu kabla ya kuisafirisha. Usiitume kwenye buti la basi.

*Unaishi mbali na kituo chochote.* Shirikianeni. Shule, msikiti, kanisa au kikundi cha akina mama kinaweza kuweka ndoo moja kavu yenye mfuniko kwa simu zenye betri nzima tu, na anayekwenda mjini kwa shughuli zake akapeleka. Ndoo iwe chini ya mtu mzima mmoja anayejulikana, isiwe kitu cha watoto kuchezea.

*Unasimamia vifaa vya ofisi, shule au shirika.* Wewe ndiye mwenye nguvu zaidi katika ulinganisho huu wote, kwa sababu mzigo wako unatosha kumfanya mkusanyaji aje mlangoni. Simu nzima zigawe kwa wafanyakazi kwa maandishi. Zilizobaki mpe mwenye kibali baada ya kukuonyesha mambo manne: leseni hai, uzito uliopimwa mbele yako, hati ya kuharibu kumbukumbu, na jina la kiwanda kitakachopokea bodi na betri. Akishindwa kulitaja la nne, mzigo ubaki stoo mpaka apatikane anayeweza.